Kijito kikifufuliwa, anza na bomba la choo

UKISIMAMA kando ya Kirichwa Kubwa, kijito kinachopita Kileleshwa na Arboretum hadi Mto Nairobi, huenda pua ikakupasha habari kabla ya macho.

Wengi wetu hudhani kufufua kijito ni kuokota taka na kupanda miti siku ya Jumamosi. Ni kazi njema, lakini mche hauzibi bomba lililopasuka. Kipindupindu na homa ya matumbo huenezwa na kinyesi, si mifuko ya plastiki, na maji ya mito ya jiji hunyunyiziwa hata sukuma wiki tunayonunua sokoni.

Kwa hivyo mpangaji wa kazi hii atembee ukingoni wakati wa kiangazi. Mvua ikiwa imekatika kwa wiki kadhaa, mtaro wa maji ya mvua ambao bado unatiririka una siri. Yaelekea kuna mtu aliyeunganisha choo chake humo. Maji yapimwe juu na chini ya mahali hapo.

Kisha kuna mbio za maji. Zamani Kileleshwa ilikuwa nyumba zenye bustani pana na udongo ulikunywa mvua. Leo yamesimama majumba ya ghorofa na nyua zimefunikwa saruji. Mvua hufika kijitoni kwa dakika chache, ikakwangua kingo. Kiangazi hubaki maji haba, yasiyotosha kuzimua uchafu. Dawa yake iko kwenye paa na maegesho ya magari: matangi ya kuvunia maji, na mashimo ya kokoto ya kuyapunguza kasi. Ukuta wa saruji ukingoni humpelekea tu mafuriko jirani wa chini.

Baada ya mafuriko ya 2024, serikali iliamuru waliojenga kando ya mito jijini wahame, na nyumba nyingi za Mathare na Mukuru zikabomolewa. Mto wahitaji nafasi, kweli. Lakini walioumia zaidi ni maskini, ilhali saruji inayoharakisha maji imejaa pia kwa wenye pesa.

Miti ndiyo ya mwisho: matete na nyasi kwenye ukingo uliolazwa, mikuyu juu yake. Si mikaratusi, hiyo hunywa maji mengi, na mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru ing'olewe kando ya mito.

Nawe unayeishi ghorofani, muulize mwenye nyumba leo: maji ya choo chako huenda wapi?