Je, Wajua? Simu Inatembea, Mwenyewe Amelala

Siku hizi kuna michezo ya simu inayolipa kwa hatua: tembea yai lianguliwe, tembea ua lichanue. Palipo na malipo hapakosi ujanja, na watu wamebuni vifaa vya nyumbani vya kuitembeza simu peke yake. Tuvitazame kutoka barazani Ngamiani, Tanga.

Je, wajua kwamba simu haijui kutembea? Inajua kutikisika tu. Ndani yake mna kidude cha silikoni, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye uzani mdogo mno ulioshikwa na springi. Mwili ukiyumba, uzani unacheza, umeme unabadilika, programu inasoma wimbi. Mawimbi yakija kama mawili kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa mtu, inaandika: hatua, hatua.

Je, wajua kwamba kuipiga simu kofi moja hakusaidii? Vihesabu hatua vingi husubiri mitikisiko kadhaa iliyofuatana ndipo vianze kazi. Mlaghai hahitaji nguvu, anahitaji mdundo.

Je, wajua kwamba mdundo huo unapatikana kwa kamba ya sentimita 25, yaani shibiri moja na ushee? Simu ikining'inia hapo na kusukumwa kidogo, huenda na kurudi mara moja kwa sekunde. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: kwa sekunde hiyo moja inapita chini kabisa mara mbili, na kila ikipita kamba hukazika. Ni mdundo wa miguu miwili. Simu iwe nzito au nyepesi, haibadilishi kitu. Urefu wa kamba ndio wenye amri.

Je, wajua kwamba kamba yenyewe Tanga si ya kutafuta? Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg. Iliyosalimika ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kilimo cha mkonge nchini kilianzia kwenye hiyo 62.

Je, wajua kwamba baiskeli iliyopinduliwa miguu juu nayo ni mashine ya hatua? Simu ikifungwa kwenye spoku, kila mzunguko inasimama wima, kisha kichwa chini, na kidude kinaona wimbi moja. Gurudumu la inchi 28, lile la Phoenix ya kawaida, lina mzingo wa karibu mita 2.2. Likizunguka mara mbili kwa sekunde ni sawa na mwendo wa kilomita 16 kwa saa, mwendo wa mtu anayewahi sokoni Mgandini.

Je, wajua kwamba anayeiendesha baiskeli hiyo kwa haki ndiye anayepunjwa? Katika Pokémon GO, mchezo uliotoka Julai 2016, mayai ya mwanzo yalihitaji kilomita 2, 5 au 10 ili yaanguliwe. Lakini kwa vipimo vya wachezaji wenyewe, ukipita takriban kilomita 10.5 kwa saa, umbali hauhesabiwi wote. Tanga, mji wa baiskeli, unaonewa hapo: gurudumu la hewani linalipwa, la barabarani linakatwa.

Je, wajua kwamba mlango wa ujanja ulipanuka mwaka 2018? Ndipo Pokémon GO ilipoleta huduma ya Adventure Sync, inayokusanya hatua hata mchezo ukiwa umefungwa. Simu haikuhitaji tena kuhama mtaa. Ilitosha itikisike palepale ilipo.

Je, wajua kwamba pangaboi zima ni mlaghai mbovu? Likizunguka kwa utulivu, simu iliyofungwa kwenye panga lake huvutwa kwa nguvu ileile muda wote: hakuna wimbi, hakuna hatua. Linalofaa ni lile kongwe la nyumba ya wageni, linaloyumba na kulalamika usiku kucha. Ila simu ikichomoka hapo haidondoki, inarushwa.

Na je, wajua kwamba pangaboi wa kwanza alikuwa mtu? Neno limeunganisha pankha, yaani pepeo kwa Kihindi, na boi, mtumishi wa zama za ukoloni. Huko India alikuwa akivuta kamba ili kitambaa kilichoning'inia darini kimpepee bwana. Mashine ikachukua kazi yake na jina lake pia. Leo inaombwa na kutembea kwa niaba ya bwana.

Je, wajua kwamba mbwa walishaajiriwa zamani katika kazi hii? Mwaka 2009 Nintendo ilitoa Pokéwalker, kidude cha kufunga kiunoni: kila hatua 20 ziliingiza wati 1 ya kutumia mchezoni. Wapo waliokifunga kwenye ukosi wa mbwa wakaenda zao kulala. Kwetu mbuzi wa mtaani angefaa zaidi, maana hajawahi kuomba ruhusa ya kuzurura.

Je, wajua kwamba ulaghai huu umewahi kuwa kazi ya sanaa? Mwaka 2015 wasanii Tega Brain na Surya Mattu walitoa Unfit Bits, mradi wa kejeli uliofundisha kufunga bangili ya kuhesabu hatua kwenye keekee ya umeme, gurudumu au kifaa cha wanamuziki cha kuhesabia mapigo. Waliwalenga waajiri na kampuni za bima zinazotaka kujua mteja katembea kiasi gani. Ukimlipa mtu kwa namba, walisema kwa vitendo, atakuletea namba.

Je, wajua kwamba si kila mwenye simu nyingi ni tapeli? Mzee Chen San-yuan wa Taiwan alijulikana mwaka 2018 akiwa na simu 11 kwenye baiskeli yake, zote zikicheza Pokémon GO. Baadaye zikapita 60. Pedali alizikanyaga mwenyewe.

Je, wajua kwamba mkokoteni unaweza kuzua foleni isiyokuwepo? Februari 2020 msanii Simon Weckert alionyesha jinsi alivyovuta kigari chenye simu 99 katika mitaa ya Berlin. Google Maps ikaona simu 99 zinajikokota, ikaipaka barabara tupu rangi nyekundu.

Je, wajua kwamba hatua 10,000 hazikuandikwa na daktari? Mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani iliuza kihesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina la bidhaa likageuka sheria ya dunia.

Je, wajua hatua 10,000 zinakufikisha wapi? Kwa hatua ya sentimita 75 ni kilomita 7.5. Ukianzia mjini Tanga, mapango ya Amboni, yaliyo umbali wa kilomita 8 hivi, utakuwa unayakaribia. Reli ya Tanga hadi Moshi, karibu kilomita 350, ingekuchukua siku 47 kwa kiwango hicho.

Je, wajua kwamba mwili huridhika mapema kuliko simu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na I-Min Lee na wenzake, kwa wanawake wazee zaidi ya 16,000 wa Marekani, uliona hatari ya kufa inapungua hatua zikiongezeka, kisha faida inatulia kwenye 7,500 hivi. Hizo ni hatua za miguu, si za kamba.

Je, wajua kwamba Wahadzabe wa Tanzania walipimwa wakawashangaza wapimaji? Utafiti wa Herman Pontzer na wenzake wa mwaka 2012 ulikuta wanaume wakitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku na wanawake 5.8. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili, nguvu waliyotumia kwa siku haikuzidi ya watu wa Marekani na Ulaya. Hesabu za mwili nazo zina ujanja wake.

Na mwisho, je, wajua kwamba kuna mtu aliyehesabu hatua elfu kumi kwa vidole, karne moja kabla ya Manpo-kei? Mwaka 1865 Nain Singh, mpimaji ardhi kutoka Himalaya, alitumwa kwa siri Tibet na Waingereza waliotawala India. Alifunzwa kupiga hatua za urefu mmoja, akapewa tasbihi ya Kibudha iliyopunguzwa kutoka punje 108 hadi 100. Kila hatua 100, punje moja. Tasbihi ikizunguka yote, hatua 10,000. Hivyo ndivyo alivyoipima njia ya Lhasa. Ukitaka kumwiga kwa tasbihi yako ya punje 99, kumbuka kuongeza hatua 100 kila mzunguko. Hiyo hata pangaboi kongwe haliwezi kukusaidia kuizungusha.