Umri wa makamo si ruhusa ya kulegea

Leo sitazungumzia siasa wala bei ya unga. Nataka tuzungumze juu ya miili yetu, hasa sisi tuliovuka miaka 40, ambao vijana wameanza kutuamkia "shikamoo" ndani ya daladala na kutupisha viti. Shikamoo ni njema, na kiti ni kizuri vilevile. Lakini tujiulize: tunapishwa kwa sababu ya heshima, au kwa sababu tunaonekana hatuwezi kusimama kutoka Posta hadi Mbagala?

Nianze kwa kujisema mwenyewe, nisije nikaambiwa nyani haoni kundule. Miaka minne iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 42, mama yangu mzazi alishikwa na homa kali usiku wa manane. Tunakaa ghorofa ya tatu, na jengo letu halina lifti. Bi mkubwa hakuweza kutembea, na teksi ilikuwa inasubiri chini. Nikambeba. Mama yangu si mnene, sidhani kama anazidi kilo 55. Nilipofika ghorofa ya pili magoti yalianza kutetemeka na pumzi ikanikata. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Niweke chini, baba, usije ukaanguka na wewe." Nikamweka chini, pale pale kwenye ngazi. Kijana wa jirani, ambaye kazi yangu kwake ilikuwa kumtuma dukani, akambeba hadi kwenye gari bila hata kuhema.

Mama alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini maneno yale hayakunitoka masikioni.

Wengi wetu tunaamini kwamba kulegea ni sehemu ya kukua. Tunasema, "Ah, umri umekwenda." Kitambi tunakiita neema, na kuhema kwenye ngazi tunakuita utu uzima. Nami nilisema hivyo hivyo, mpaka nilipoanza kusoma walichokigundua wataalamu. Nikaona kwamba tunausingizia umri makosa ambayo mengi si yake.

Sikiliza kisa hiki. Mwaka 1966, katika mji wa Dallas huko Marekani, watafiti waliwachukua vijana watano wenye afya, kila mmoja akiwa na miaka 20, wakawalaza kitandani kwa wiki tatu mfululizo. Walitaka kujua mwili unafanywa nini na kulala tu. Walipowapima, uwezo wa miili yao kutumia hewa ya oksijeni, yaani ile tunayoiita pumzi, ulikuwa umeporomoka vibaya. Miaka 30 baadaye, mwaka 1996, wakawatafuta watu wale wale watano. Sasa walikuwa watu wazima wa miaka 50. Kwa wastani, uzito wao ulikuwa umepanda kutoka kilo 77 hadi kilo 100. Wakapimwa upya, na matokeo yakawashangaza wengi: wiki tatu za kulala kitandani ziliwapunguzia pumzi kuliko miaka 30 ya kuzeeka!

Kisa hakikuishia hapo. Watu wale walipewa mazoezi ya miezi sita: kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli, wakianza kidogo na kuongeza kadiri wiki zilivyokwenda. Mwisho wa miezi sita pumzi yao ilikuwa imerudi pale ilipokuwa walipokuwa na miaka 20, kabla ya kulazwa. Hawakufikia kile kilele walichokifikia ujanani baada ya mazoezi makali, na uzito wao ulipungua kidogo tu. Lakini kile ambacho miaka 30 ilikuwa imekichukua, miezi sita ilikirudisha.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, tutenganishe vitu viwili. Kuna kuzeeka, na kuna kukaa. Kuzeeka hakuna dawa. Kukaa kunayo.

Na juu ya kukaa kuna ushahidi wa siku nyingi, tena unaotuhusu sisi wa mijini. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Aliwalinganisha madereva na makondakta. Walikuwa wa tabaka moja, katika mji mmoja na basi moja. Tofauti ni kwamba dereva alikaa siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi mara kwa mara akikata tiketi. Madereva ndio waliougua na kufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Morris mwenyewe alikuwa mtu wa mazoezi, na alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99. Sisemi ni mazoezi peke yake yaliyomfikisha huko, ila hayakumchelewesha.

Sasa tuje kwenye nguvu, maana pumzi ni jambo moja na nguvu ni jingine. Kuanzia miaka ya thelathini misuli ya mtu asiyeitumia huanza kupungua polepole, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Ndiyo maana mzee anashindwa kunyanyuka kitini bila kushika meza. Kwa akina mama, baada ya hedhi kukoma, mifupa nayo hupoteza uimara wake haraka zaidi, na kuanguka kidogo tu bafuni kunaweza kuvunja nyonga.

Je, misuli iliyopungua hurudi? Mwaka 1990, huko Boston, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee 10 wa nyumba ya kulelea wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu. Haukuwa uzito wa kubembeleza, ulikuwa uzito wa kweli. Baada ya wiki nane, wale tisa waliomaliza waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya walizoanza nazo. Kama mtu wa miaka 90 misuli yake inasikia, wewe wa miaka 45 una udhuru gani?

Wapenzi wa michezo watakumbuka habari za George Foreman. Mwaka 1974 alipigwa na Muhammad Ali pale Kinshasa. Mwaka 1977 akaacha ngumi, na miaka 10 baadaye akarudi ulingoni, watu wakimcheka kwa unene na umri. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer mwenye miaka 26 katika raundi ya 10 na kuwa tena bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Karibu na sisi yuko Mkenya Kenneth Mungara, aliyekuwa kinyozi jijini Nairobi kabla ya kuwa mwanariadha. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 41, alishinda mbio za marathoni za Gold Coast huko Australia kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 42.

Siwataji hawa ili kesho uende ulingoni. Nataka uone kwamba mwili wa makamo ukidaiwa kazi, hulipa. Lakini unataka kudaiwa kwa adabu, na hapa ndipo nilipoteleza mimi.

Baada ya ule usiku wa ngazi nilijawa na hasira. Kesho yake nikavaa raba na kukimbia kama tulivyokuwa tukikimbia mchakamchaka shuleni. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu msuli wa kigimbi ukachanika, nikarudi nyumbani nikichechemea, na wiki sita nikakaa bila kukimbia. Mtaalamu wa viungo akanieleza jambo ambalo ningependa kila mtu wa umri wetu alijue. Pumzi na misuli huimarika upesi, lakini kano, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa, huimarika taratibu sana. Kwa hiyo moyo unakwambia "twende", huku kano bado hazijawa tayari. Haraka haraka haina baraka, na kwa mtu wa makamo hata mguu unaweza usiwepo!

Basi tufanyeje? Kwanza, pima shinikizo la damu na sukari kabla hujaanza. Presha haipigi hodi. Mwenye maradhi ya moyo, au anayesikia maumivu ya kifua akijitahidi, amwone daktari kwanza. Na ukiwa mazoezini kifua kikikubana, ukisikia kizunguzungu, au pumzi ikikukatika kuliko kawaida, simama na utafute msaada. Usijitie ushujaa.

Pili, pumzi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za kiasi, kama kutembea kwa kukaza mwendo, au dakika 75 hadi 150 za shughuli kali. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kipimo ni mdomo wako: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hicho ndicho kiasi. Ukishazoea kwa miezi miwili au mitatu, ongeza ukali mara moja kwa wiki: kimbia dakika moja kwa nguvu, tembea dakika mbili, rudia mara tano au sita.

Tatu, nguvu, angalau siku mbili kwa wiki. Huhitaji ukumbi wa kulipia. Kaa kwenye stuli na usimame bila kushika kitu, mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Piga pushapu ukianzia ukutani, kisha mezani, na hatimaye sakafuni. Chukua dumu la lita tano kila mkono, tembea nalo uani. Mwezi ujao jaza lita 10. Siri ni kuongeza kidogo kidogo. Zoezi lisilokuwa gumu halina linaloujenga mwili, na zoezi la mwaka jana likibaki lile lile, nguvu nazo hubaki pale pale.

Nne, pumzika. Msuli haujengeki wakati unaunyanyulia, hujengeka ukiwa umepumzika. Kijana hurudia kesho, wewe mpe msuli ule ule siku mbili. Lala vizuri, na kula maharage, dagaa, mayai au samaki, badala ya kilima cha ugali na mchuzi mtupu.

Najua maneno yatakayosemwa. Mmoja amekwisha niandikia kwamba mzee kukimbia barabarani na kaptula ni aibu. Mwingine, mama wa watoto watatu, ameuliza atapata wapi nafasi. Wa kwanza namwambia atoke Jumapili alfajiri aone makundi ya wakimbiaji mitaani, wamo babu na bibi, tena wanaimba. Mama namwambia kwamba hoja yake ni ya kweli, na jibu lake liko kwa mumewe: nusu saa ya mama isimamiwe na baba, na watoto wakubwa waoshe vyombo. Afya ya mama si kazi ya ziada.

Mimi sijawa mwanariadha. Nakimbia siku tatu, nabeba madumu siku mbili, na kitambi hakijaisha chote. Lakini mwezi uliopita tulikuwa na harusi ya mpwa wangu, na magoti ya Bi mkubwa siku hizi yanamsumbua kwenye ngazi. Nikambeba kutoka ghorofa ya tatu hadi chini. Njiani akawa ananisimulia habari za watu wa bibi harusi, na sikumkatiza. Tulipofika kwenye gari akatengeneza khanga yake na kusema, "Usiniache huko ukumbini, kuna kurudi."

Tulirudi saa saba za usiku, na nikampandisha, ingawa kwa kupumzika mara moja.