Taarifa ya Daktari na Usalama wa Jiji

Afya ya wakazi wa jiji kubwa hutegemea, pamoja na dawa na hospitali, kazi moja ambayo wengi wao hawaijui, nayo ni taarifa ambayo daktari, muuguzi au mtaalamu wa maabara huipeleka katika idara ya afya kila anapokutana na ugonjwa ambao sheria imeagiza ujulikane. Magonjwa ya namna hiyo huitwa magonjwa ya lazima kutolewa taarifa, na kazi ya kukusanya taarifa hizo, kuzichambua na kuchukua hatua huitwa ufuatiliaji wa magonjwa. Daktari humwona mgonjwa aliye mbele yake tu, hivyo wagonjwa watatu wa ugonjwa uleule wakilazwa katika hospitali tatu tofauti, kila hospitali itaona tukio la pekee, ilhali ofisi inayopokea taarifa zote tatu itatambua mwanzo wa mlipuko.

New York, jiji lenye watu zaidi ya milioni 8, ni mahali panapofaa kuichunguzia kazi hii, kwa kuwa limeifanya kwa zaidi ya karne moja, na historia yake inaonyesha jambo ambalo watunga sheria husahau mara kwa mara: amri peke yake haitoshi, bali daktari hutoa taarifa kwa moyo pale idara ya afya inapompa nayo kitu cha kumsaidia kumtibu mgonjwa wake.

Aliyelielewa hilo mapema ni Hermann Biggs, daktari aliyeongoza kazi ya maabara ya bakteria ya jiji hilo, iliyoanzishwa mwaka 1892 wakati kipindupindu kilipotishia kuingia kwa njia ya meli. Ugonjwa uliokuwa ukiua watoto wengi wakati huo ni dondakoo, ambao hutandaza utando kooni hadi mtoto akashindwa kupumua, na ambao kwa macho ulikuwa vigumu kuutenganisha na maumivu mengine ya koo. Maabara iliweka vifaa vya kuchukulia sampuli katika maduka ya dawa mitaani, daktari akawa anavichukua hapo, anapangusa koo la mtoto, anavirudisha dukani, na kupata majibu siku inayofuata bila malipo. Kwa njia hiyo daktari alipata uhakika wa tiba, na jiji likajua nyumba zilizoingiwa na ugonjwa. Mpango kama huo ulitumika katika kifua kikuu: makohozi yalipimwa bure, taasisi za umma zikaagizwa kutoa taarifa za wagonjwa wao, madaktari binafsi wakaombwa kwanza, na mwaka 1897 ombi hilo likageuzwa kuwa amri. Vyama vya madaktari vilipinga vikali, vikidai kwamba serikali inajiingiza kati ya daktari na mgonjwa, na hoja yao ilikuwa na uzito, kwa sababu kifua kikuu kilikuwa aibu ya familia na jina likivuja mtu angeweza kupoteza kazi. Biggs hakuiondoa amri, lakini maabara ya bure nayo haikuondolewa, na hapo ndipo mizizi ya mfumo wa sasa ilipo.

Kanuni za afya za jiji hilo leo hutofautisha magonjwa kwa kadiri ya uharaka wake. Kimeta, tauni, ndui, surua, polio na mengine ya hatari kubwa hutolewa taarifa kwa simu papo hapo, hata kama daktari anashuku tu na majibu ya maabara hayajatoka, ilhali mengi ya yaliyobaki hupewa muda wa saa 24. Maabara nazo hutuma majibu yao kwa njia ya kielektroniki, na hivyo daktari akisahau, jibu lenyewe hufika. Sababu ya haraka hiyo hudhihirika katika surua, ambayo husambaa hewani na ambayo chanjo ya mtu aliyekutana na mgonjwa humkinga vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 72. Katika mlipuko uliolikumba jiji hilo kuanzia mwaka 2018 hadi 2019, hasa katika mitaa ya Brooklyn, wagonjwa 649 walithibitishwa. Kwa upande wake idara humpa daktari ushauri kwa simu usiku na mchana, matangazo ya tahadhari, kliniki za kifua kikuu zisizotoza malipo, na daftari la chanjo la jiji zima, ambamo daktari huweza kuona chanjo alizopata mtoto kwa daktari mwingine.

Tukio linaloueleza mfumo huu kuliko mengine yote linahusu pia Afrika Mashariki. Tarehe 23 Agosti 1999 Deborah Asnis, daktari bingwa wa magonjwa ya kuambukiza katika hospitali moja ya Flushing, eneo la Queens, aliipigia simu idara ya afya kuhusu wagonjwa wawili wenye umri mkubwa waliokuwa na homa, kuchanganyikiwa na udhaifu wa misuli usio wa kawaida. Hakuwa na jina la ugonjwa. Alichokuwa nacho ni mashaka. Idara, ambayo kitengo chake cha magonjwa ya kuambukiza kiliongozwa na Marcelle Layton, ilizihoji hospitali nyingine, ikapata wagonjwa zaidi wenye uvimbe wa ubongo waliokuwa wakiishi karibu karibu na waliozoea kukaa nje nyakati za jioni, jambo lililowaelekeza wachunguzi kwenye mbu. Mapema Septemba vipimo vya kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na kirusi, vilionyesha ugonjwa wa ubongo wa St. Louis, ambao tayari ulijulikana Marekani, na jiji likaanza kupulizia dawa ya mbu.

Jibu hilo, hata hivyo, halikuwa sahihi. Tangu kiangazi kunguru walikuwa wakifa kwa wingi mjini, na katika bustani ya wanyama ya Bronx, heroe na ndege wengine walianza kufa pia. Tracey McNamara, daktari wa wanyama aliyechunguza mizoga hiyo, alijua kuwa kirusi cha St. Louis kwa kawaida hakiui ndege, akasisitiza kwamba maelezo yaliyotolewa hayatoshi. Mwishoni mwa Septemba ilibainika kuwa ni kirusi cha Nile Magharibi, ambacho kina undugu na kile cha St. Louis kiasi cha kuvichanganya vipimo vya kingamwili, na ambacho kilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mwenye homa katika wilaya ya West Nile nchini Uganda. Hakikuwahi kuonekana bara la Amerika kabla ya hapo. Watu 62 waliugua New York na maeneo jirani mwaka huo, na 7 wakafariki.

Simu ya Asnis ilipigwa kabla ya ugonjwa kupewa jina, nayo ilitosha kuokoa muda, kwa kuwa mbu walianza kuuawa hata kabla ya kirusi chenyewe kutambuliwa. Kilichokosekana ni mlango wa kuingizia taarifa za wanyama katika chumba kimoja na taarifa za watu, na pengo hilo ndilo ambalo mpango unaoitwa Afya Moja, unaowaunganisha wataalamu wa binadamu, wanyama na mazingira, unakusudia kuliziba.

Tangu mwaka 2001 New York hupokea pia kila siku data za kielektroniki kutoka idara za dharura za hospitali, zikionyesha idadi ya waliofika na homa, kikohozi au kuhara bila kusubiri ugonjwa utambuliwe. Njia hiyo, inayoitwa ufuatiliaji wa dalili, hufaa sana kwa mafua yanayopanda kwa maelfu, lakini wazee wawili wa Queens wasingeitikisa idadi ya siku hata kidogo, na kwa sababu hiyo kompyuta haijachukua nafasi ya daktari anayeshuku.

Kipimo anachochagua daktari nacho huweza kuamua kama chanzo cha mlipuko kitapatikana. Mwaka 2015 ugonjwa wa Legionea, aina ya homa ya mapafu inayotokana na bakteria wanaozaliana majini, uliwapata watu 138 kusini mwa Bronx na kuwaua 16. Madaktari wengi huupima kwa mkojo, kwa kuwa majibu hutoka haraka, lakini kipimo hicho hakiwatoi bakteria wenyewe. Makohozi yakioteshwa ndipo maabara huweza kulinganisha bakteria wa mgonjwa na wale wa mnara fulani wa kupoozea maji juu ya paa, na kwa ulinganisho huo chanzo kilipatikana, na katika mwaka uleule jiji likatunga sheria ya kusajili na kukagua minara yote ya aina hiyo.

Nchi za Afrika Mashariki zina wajibu kama huo. Kanuni za Afya za Kimataifa, zilizoanza kutumika mwaka 2007, huitaka nchi iliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini kuwa tukio linaweza kuwa dharura ya kimataifa, na saa hizo hutegemea mhudumu wa zahanati aliyeona jambo lisilo la kawaida. Tanzania ilipotangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera mwezi Machi 2023, wagonjwa walikuwa 9 kwa jumla hadi mlipuko ulipokwisha, na waliofariki 6, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao. Msomaji naye ana sehemu yake: anapoulizwa zahanatini anaishi wapi, amesafiri wapi, amekula nini na amegusa mnyama gani, ajibu kwa ukweli na kuacha namba ya simu inayopatikana, kwa sababu maswali hayo ndiyo yatakayomlinda jirani yake.