Tikolo: Gwiji wa kriketi aliyenyimwa uwanja mkubwa

TAJA kriketi mtaani na huenda ukajibiwa kwamba huo ni mchezo wa Wahindi na Waingereza, mchezo wa watu wenye wakati mwingi wa kupoteza. Hata hivyo, itakumbukwa kwamba kati ya mwaka 1996 na 2003 mchezo huo ndio uliolipeleka jina la Kenya mbali, na mtu aliyeubeba mzigo huo mabegani kuliko wengine wengi ni Stephen Tikolo.

Tikolo alizaliwa Nairobi mnamo Juni 25, 1971, katika jamaa iliyoizoea kriketi. Kaka zake, Tom na David, walimtangulia katika timu ya taifa, na Tom aliwahi kuwa nahodha. Ndivyo kriketi ya Kenya ilivyokuwa siku hizo: ndugu kwa ndugu. Walikuwapo akina Odumbe na akina Suji, na baadaye akina Obuya. Maji hufuata mkondo, na Steve naye akaufuata hadi klabu ya Swamibapa jijini Nairobi.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, mpigaji husimama na gongo lake mbele ya vijiti vitatu. Mrushaji anataka kuviangusha, naye mpigaji anataka kuupiga mpira mbali ili akimbie na kuhesabiwa alama, ambazo huitwa mikimbio. Akikosea mara moja tu, ametoka. Kwa hivyo mpigaji hodari huhitaji jicho kali, lakini zaidi ya hayo huhitaji subira.

Ulimwengu ulimjua Tikolo katika Kombe la Dunia la 1996. Katika mechi ya kwanza kabisa ya Kenya, dhidi ya India mjini Cuttack, alipata mikimbio 65. Mnamo Februari 29 mjini Pune, Kenya iliishangaza dunia ilipoilaza West Indies, mabingwa wa dunia wa 1975 na 1979. Kenya ilipata mikimbio 166 pekee, na katika hiyo Tikolo alipata 29; hakuna mpigaji mwenzake aliyempita. West Indies wakang'olewa wote kwa mikimbio 93. Siku sita baadaye, mjini Kandy, Sri Lanka iliikung'uta Kenya kwa kufikisha mikimbio 398. Wengi wangekata tamaa hapo. Tikolo aliingia akapiga 96, akakosa mia kwa mikimbio minne tu.

Mwaka uliofuata ndio uliomwonjesha uchungu wa mchezo huu. Katika fainali ya Kombe la ICC mjini Kuala Lumpur, Aprili 1997, alipata mikimbio 147 peke yake, na Kenya ikafikisha 241. Mvua ikanyesha, hesabu zikabadilishwa, na Bangladesh wakashinda kwa mpira wa mwisho kabisa wa mechi hiyo.

Hapo ndipo njia za nchi hizo mbili zilipoanza kuachana. Mwaka wa 2000 Bangladesh ilikubaliwa kucheza Testi, yaani zile mechi za siku tano ambazo ndizo kilele cha kriketi. Kenya iliomba nafasi kama hiyo, isipate. Tikolo, ambaye wajuzi wengi walimhesabu kuwa mpigaji bora kabisa nje ya nchi za Testi, hakuwahi kucheza hata moja.

Jibu lake lilikuja uwanjani. Akiwa nahodha katika Kombe la Dunia la 2003, aliiongoza Kenya kuishinda Sri Lanka hapa Nairobi, kisha Bangladesh hao hao, na baadaye Zimbabwe. Ni kweli kwamba New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama na Kenya ikapewa alama za bure. Lakini Sri Lanka hawakutoa chochote bure. Walishindwa kwa mikimbio 53. Kenya ikaingia nusu fainali, jambo ambalo hakuna nchi nyingine isiyocheza Testi imewahi kulifanya katika Kombe la Dunia la wanaume. Mjini Durban India ilishinda kwa mikimbio 91, ingawa nahodha wetu hakutoka kabla ya kupata 56.

Nyumba ile ilipaswa kujengwa juu ya msingi huo. Badala yake zikaja siku za ugomvi. Wachezaji waligoma kwa sababu ya malipo, na mwaka wa 2005 chama kilichosimamia mchezo kikabadilishwa na kingine. Mechi dhidi ya nchi kubwa zikapungua. Tikolo aliendelea kucheza, akafikisha Kombe la Dunia la tano mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 39. Kenya ilipoteza mechi zote sita. Akastaafu, kisha akaitwa tena mwaka 2013, kwani pengo lake lilikuwa bado wazi. Mwaka uliofuata Kenya ikapoteza hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Katika mechi hizo Tikolo alikusanya zaidi ya mikimbio 3,400 na kuwatoa wapigaji zaidi ya 90 kwa mkono wake. Baada ya kucheza amekuwa mkufunzi, na kwa miaka kadhaa aliinoa timu ya Uganda.

Wazazi hupenda kuwaambia watoto kwamba mwenye bidii hakosi. Tikolo alikuwa na bidii na kipawa pia, na bado alikosa kitu kimoja ambacho hakikuwa mkononi mwake. Mtoto anaweza kujifunza kulishika gongo, lakini kiwanja, mechi na mshahara ni wajibu wa watu wazima. Kizazi cha Tikolo kilitimiza wajibu wake. Waliokuwa na funguo za ofisi ndio walioshindwa kuutimiza wao.