Matundu Mawili Chini ya Maji

Majahazi makubwa yaliyosafiri kwa kaskazi na kusi hayakuhitaji tundu la choo chini ya maji. Baharia aliyebanwa na haja aliingia kwenye sanduku la mbao lililoning'inizwa nje, upande wa tezi, na bahari ikapokea moja kwa moja. Boti ndogo ya matanga ya kisasa, kama zile zinazotia nanga Kilifi au Tanga, imekiingiza choo ndani, na mara nyingi bakuli lake liko chini ya usawa wa bahari. Kwa hiyo boti imetobolewa mara mbili: tundu la kuingizia maji na tundu la kutolea uchafu.

Kati ya matundu hayo kuna pampu ya mkono. Pistoni yake moja hufanya kazi mbili: upande wa juu huleta maji ya bahari bakulini, upande wa chini hunyonya uchafu na kuusukuma nje. Uchafu hupita kwenye kilango cha mpira chenye umbo la mdomo wa bata, ambacho hufunguka ukisukumwa, kisha hujifunga usirudi.

Wageni wengi hupampu mara mbili tatu wakaondoka, na hapo ndipo matatizo yanapoanza. Mpira wa kutolea wenye kipenyo cha milimita 38 hubeba zaidi ya lita moja kwa kila mita. Ukiwa na urefu wa mita 3, lazima zaidi ya lita 3 zipite ndipo uchafu ufike nje. Unaobaki hulala humo, na mkojo ukichanganyika na madini ya maji ya bahari hujenga ukoko mgumu ambao mwaka hadi mwaka hubana njia.

Siki huzuia ukoko huo usikomae. Vikombe viwili humiminwa bakulini mara moja kwa wiki, vikasukumwa kidogo kwa pampu hadi viingie mpirani, vikaachwa usiku kucha. Mafuta kidogo ya kupikia hulainisha pistoni ikianza kukwama. Dawa kali za klorini hukausha na kuharibu vipande vya mpira. Kilango cha mdomo wa bata ni cha bei nafuu, na mabaharia waangalifu hukibadilisha kila mwaka. Vitambaa vyenye unyevu, pamba na nywele haviingii humo kabisa.

Harufu ya yai bovu asubuhi haitokani na uchafu kila mara. Viumbe vidogo vilivyoingia na maji ya bahari hufa vikiwa vimefungiwa mpirani, vikatoa gesi. Kusafisha kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuiacha boti huiondoa. Harufu ikizidi kubaki, kitambaa chenye maji moto hufutwa juu ya mpira wa kutolea, kisha kikanuswa. Kikinuka, mpira wenyewe umepenywa na harufu na hauna budi kubadilishwa.

Hatari kubwa zaidi haina harufu. Fundi huhamisha petroli kwa kuivuta mara moja tu kwa mpira, kisha inatiririka yenyewe. Bahari hufanya vivyo hivyo kwenye bakuli lililo chini yake. Ndiyo maana mpira hupandishwa juu ya usawa wa maji kama upinde, na kileleni huwekwa kivalvu kinachoingiza hewa ili kuukata mkondo huo. Kivalvu kikiziba kwa chumvi, ulinzi umekwisha. Na mpira wa milimita 19 ukichomoka nusu mita chini ya maji, takriban lita 30 huingia kila dakika. Tezi na omo, marejeo ni ngamani: maji yote hayo hukusanyika chini, mahali ambapo aliyelala hayaoni.

Aprili 14, 1945, nyambizi ya Ujerumani U-1206 ilipotea karibu na pwani ya Uskoti baada ya hitilafu ya choo kuingiza maji ya bahari, yakafika kwenye betri na kuzalisha gesi ya klorini.

Kwenye boti ya matanga, kinga ni koki mbili, moja kwenye kila tundu. Hufungwa kila boti inapoachwa, na huzungushwa mara kwa mara zisigande. Kando ya kila koki hufungwa kwa kamba kizibo cha mbao laini, kilichochongwa kama karoti, tayari kupigwa nyundo tunduni siku koki itakapokatika.