Mtoto ana A, mzazi ana mshahara. Serikali imlipie?

UZI. Matokeo ya KCSE yakitoka tu, mjadala huu unarudi. Kampeni zikikaribia, unarudi na ahadi juu: wanafunzi bora wasomeshwe bure, bila kuangalia mzazi ni nani. Makofi yanapigwa. Sitataja chama wala mtu, lakini hebu tuifungue hiyo ahadi tuone ndani kuna nini.

Kwanza niseme nimekaa upande gani. Mimi na mke wangu tukijumlisha mishahara tunapita 120,000 kwa mwezi, na binti yetu yuko kidato cha nne. Kwa hivyo hii ahadi inanigusa mfukoni. Nisomeni mkijua hivyo.

Tangu 2023 vitu viwili vimetenganishwa. Alama zinakupa kozi, kupitia KUCCPS. Pesa haiulizi alama, inauliza nyumbani kuna nini. Ukiwa na C+ kwenda juu na umepata nafasi chuo cha umma, unajaza fomu mtandaoni kuhusu mapato, ukubwa wa familia na mengine, halafu unawekwa kwenye moja ya bendi tano.

Bendi ya 1 ni familia zisizozidi 5,995 kwa mwezi: ufadhili wa serikali 70%, mkopo wa HELB 25%, familia inatoa 5%. Bendi ya 5 ni sisi wa juu ya 120,000: ufadhili 30%, mkopo 30%, familia 40%. Mwenye A na mwenye C+ wakiwa bendi moja na kozi moja, wanapata sawasawa. Hakuna shilingi ya kumpongeza mwenye A.

Nadhani hasira nyingi inatokana na jina. Ukisema skolashipu, mzazi anasikia zawadi ya mtoto mwerevu. Hii ni ruzuku, inafuata shida ya nyumbani.

Sasa kuna wenye kusema turudi zamani. Sawa, zamani ilikuwaje? Enzi za JAB, ukifikisha alama za kuchukuliwa na serikali ulilipa karo ya masomo 16,000 kwa mwaka, uwe mtoto wa daktari au wa mchuuzi. Hakuna aliyeita skolashipu, lakini ndiyo ilikuwa. Na ukikosa zile alama kidogo tu? Kuanzia 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mpango wa kujilipia, ule tuliouita paraleli, na vyuo vingine vikafuata. Huko ulilipa bei kamili.

Fikiria maana yake. Mtoto wa shule yenye maabara, walimu kamili na mzazi wa kulipia masomo ya ziada anapata A-, analipa 16,000. Mtoto wa shule ya kutwa yenye mwalimu mmoja wa fizikia anapata B-, babake anauza ng'ombe kumlipia paraleli. Aliyekuwa na uwezo alisomeshwa na aliyekosa. Watu wengi wa rika langu wenye kazi nzuri walipitia mlango huo wa 16,000, na ndio wanaopiga kelele zaidi sasa. (Mimi pia nilipita hapo, msinitafute.)

Mlango huo ulipanuka baadaye. Mtihani ulipobanwa 2016, A zilikuwa 141 nchi nzima na waliofikisha C+ walikuwa 88,929, serikali ikaweza kuwachukua wote wa C+. Lakini KCSE ya 2024 waliofikisha C+ kwenda juu walikuwa 246,391. Mfuko haujapanuka hivyo.

Tuje kwa hesabu ya ahadi yenyewe. Mwaka huo wa 2024 wenye A walikuwa 1,693. Mfumo ulipoanza, udaktari ulitajwa kugharimu 612,000 kwa mwaka. Hata wote 1,693 wangesomea udaktari, ni kama bilioni 1.04 kwa mwaka kwa kundi moja. Udaktari ni miaka sita, kwa hivyo makundi sita yakijaa ni kama bilioni 6.2 kila mwaka. Inawezekana? Serikali ikiamua, ndiyo. Swali ni inatolewa wapi, maana hao 1,693 wa bendi za chini tayari wana ufadhili mkubwa. Pesa mpya nyingi itaangukia nyumba kama yangu.

Wengine walishajaribu. Jimbo la Georgia, Marekani, lilianzisha skolashipu ya HOPE mwaka 1993 kwa pesa za bahati nasibu ya serikali. Mwanzoni familia ya zaidi ya dola 66,000 kwa mwaka haikuruhusiwa. Kufikia 1995 kikomo kilikuwa kimeondolewa. Mwanauchumi Susan Dynarski alipochunguza, alikuta pengo la kuingia chuo kati ya wenye nacho na wasio nacho limepanuka.

Kwa hivyo mimi nakataa ahadi hiyo, ingawa ingenifaa. Lakini msiniambie ati aliye bendi ya 5 ni tajiri. Mshahara wa 120,000 ukishakatwa kodi, NSSF, SHIF na ya nyumba unabaki kama 85,000. Kwa bei ile ya udaktari, 40% ni 244,800 kwa mwaka, yaani 20,400 kila mwezi. Jirani aliye chini kidogo ya mstari yuko bendi ya 4, anatoa 30%, sawa na 183,600. Shilingi chache za mshahara zinazaa tofauti ya 61,200. Karo zilishushwa 2025, kwa hivyo mzigo umepungua, ila ngazi ya kuruka bado iko. Na mwenye 121,000 yuko bendi moja na mwenye milioni mbili. Jameni, hapo ndipo pa kupigania! Mteremko badala ya ngazi, na bendi ya 5 igawanywe.

Kortini nako hakujatulia. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo unakiuka katiba, Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Mwanasiasa akija na ahadi, muulize tu: pesa ya A itatoka fungu gani, na bendi ya 1 itabaki na 70% yake?

Kwa wazazi wa bendi ya 5 wanaoniuliza wafanye nini. Ukiona mtoto amewekwa bendi isiyo yake, kata rufaa ukiwa na stakabadhi. Equity Leaders Program huchukua baadhi ya waliong'ara KCSE na kuwapa kazi ya mafunzo benki kabla ya chuo. Kuhusu Marekani, msipoteze muda kuomba skolashipu ya alama Harvard, Yale au Princeton. Vyuo vyote vinane vya Ivy League havitoi, msaada wao unafuata uwezo wa familia. Zinazotolewa kwa alama tafuteni vyuo vingine, vya majimbo na vya binafsi, na someni kama wanafunzi wa kigeni wanaruhusiwa kabla ya kulipia ada ya maombi.