Kijitabu cha boyi, mfupa wa Ishango, daftari za Yangambi: arshivi za Congo si makaratasi ya serikali tu

Mwaka wa 1965, miaka mitano kisha uhuru, chama cha watu waliofanya kazi katika nyumba za wazungu mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilitoa kijitabu kilichopigwa kwa mashine ya kuandikia. Aliyekikusanya na kukiandika aliitwa André Yav. Ndani yake mlikuwa historia ya mji, ikielezwa kwa Kiswahili kile ambacho watu wa Lubumbashi walizungumza kila siku: namna wazungu walivyofika, namna mji ulivyokua, namna boyi alivyoishi na bwana wake.

Makaratasi juu ya mji huo hayakukosekana. Wakoloni waliacha ramani, ripoti na hesabu za kampuni za madini. Lakini aliyepika chakula, aliyefua nguo na kulinda watoto wa bwana, hakuandika katika ripoti zile. Alitajwa kama namba tu, kama alitajwa. Kijitabu cha Yav kilikuwa karatasi hafifu ambayo ingeweza kufungia karanga sokoni. Kilipona kwa sababu mtu alikitunza. Mwaka wa 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikichapa katika kitabu, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, akisaidiwa na Kalundi Mango. Leo wanafunzi wa historia duniani wanakisoma, na Kiswahili chake kimewekwa kwenye intaneti.

Watu wengi wakisikia neno arshivi, wanafikiri chumba chenye vumbi katika ofisi ya serikali. Ni kweli kwamba barua za magavana na amri za serikali zinatunzwa. Lakini kumbukumbu za inchi zina sura nyingi, na mara nyingi zenye thamani kubwa ni zile ambazo hakuna mkubwa aliyeagiza zitunzwe.

Picha na sauti

Katika miaka ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya Congo katika picha zipatazo 100, tangu mababu hadi utawala wa Mobutu. Mlikuwa picha za wakoloni, za wafanyakazi wa migodi, za Lumumba na kifo chake. Alipozipeleka kwa Fabian, ambaye wakati ule alifundisha Lubumbashi, walikaa na kuzungumza kwa Kiswahili juu ya kila picha, kinasa sauti kikiwa mezani. Kwa hiyo tuna vitu viwili: picha, na sauti ya mchoraji akieleza kwa nini alichora vile. Picha peke yake ingetuacha tukikisia. Sauti imeandikwa neno kwa neno, na kila anayejua Kiswahili cha Katanga anaweza kuisoma bila mkalimani.

Picha hizo ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho. Tshibumba mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, hajulikani alipo.

Muziki pia ni arshivi. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo, alimkuta kijana mpiga gitaa mjini Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Rekodi zile zilimfanya ajulikane mbali na Katanga, na wapiga gitaa wa Afrika Mashariki waliiga vidole vyake. Mwaka wa 1954 Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mule zimetunzwa nyimbo za harusi, za kazi na za kutuliza watoto kutoka inchi nyingi, na Congo ni mojawapo. Baadhi ya nyimbo za namna hiyo, hata vijijini hazijulikani tena.

Mfupa, majani na daftari

Mwaka wa 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, Kivu ya Kaskazini. Alipata mfupa wenye urefu wa sentimita 10 hivi, wenye kipande cha jiwe la quartz kwenye ncha moja, na mikwaruzo iliyopangwa katika safu 3. Wataalamu wanauhesabia umri wa miaka kama 20,000. Wengine wanasema mikwaruzo ni hesabu, wengine wanafikiri ni kalenda ya mwezi, na ubishi haujaisha. Mtu wa kando ya ziwa letu alikata alama zile kwa makusudi, na alama zimebaki. Mfupa uko Brussels, katika taasisi ya sayansi za asili.

Habari ya Yangambi, katika jimbo la Tshopo, inaonyesha jambo lingine. Yangambi ilikuwa kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo, kilichoundwa wakati wa ukoloni. Tangu mwaka wa 1937 hadi miaka ya 1950, wafanyakazi walipita msituni kila wiki, wakitazama miti ipatayo 2,000. Mti huu umetoa maua? Ule umeangusha majani? Umezaa? Jibu liliwekwa kwa alama ndogo katika daftari, wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka. Ni kazi ambayo mtu angeweza kuiona ya bure.

Miaka zaidi ya 50 baadaye, wanasayansi wanaotafuta kujua namna hali ya hewa inavyobadilisha msitu wa Congo walikosa kipimo cha zamani cha kulinganisha. Wakarudi kwenye daftari zile. Zilipigwa picha, na maelfu ya watu wa kujitolea kwenye intaneti wakasaidia kusoma alama moja moja. Wale waliotembea msituni na penseli hawakujua neno mabadiliko ya tabianchi, lakini bila wao swali la leo lisingepata jibu. Yangambi yenyewe bado ina majani makavu na maua yaliyobandikwa kwenye karatasi, yapata 150,000, kila moja likiandikwa jina, mahali na tarehe ya kuchumwa.

Karibu na Bukavu, katika eneo la Kabare, tuna Lwiro. Taasisi ya utafiti wa kisayansi iliyoundwa mwaka wa 1947 ilijenga kituo pale, na leo kinaitwa CRSN-Lwiro. Ndani ya majengo yale mna maktaba, na mna wanyama, wadudu na mimea iliyokusanywa na kutunzwa kwa miaka mingi. Lwiro imepita katika vita na miaka ya mishahara isiyofika. Kama rafu zake bado zimesimama, ni kwa sababu kuna wafanyakazi waliofungua madirisha kulipokuwa jua na kuyafunga mvua ilipokuja.

Nani anashika ufunguo?

Hapa ndipo penye ugumu. Sehemu kubwa ya makaratasi ya ukoloni ilipelekwa Ubelgiji wakati wa uhuru. Tervuren mna ramani za miamba na madini ya Congo, vipande vya mbao za misitu yetu na makaratasi ya Stanley. Kwa kampuni ya madini, ramani ya zamani ni feza: inaonyesha nani alichimba wapi na alipata nini. Kwa mwanafunzi wa Bukavu au Kalemie anayeandika kazi yake ya mwisho, ni safari ya ndege na viza.

Mwezi wa Februari 2022, serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi waziri mkuu wa Congo orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyotoka kwetu na vilivyo katika makumbusho ya Tervuren. Orodha ni mwanzo tu. Lakini huwezi kudai kitu usichojua kama kipo. Na hata nakala za kidijitali zikifika, zinahitaji umeme, mashine na mtu anayelipwa kuzitunza. La sivyo tutahamisha tu vumbi kutoka rafu hadi kompyuta.

Sanduku la nyumbani

Mtu wa Goma au Uvira atauliza: hayo yananihusu nini? Yanamhusu kuanzia kiwanja anapolala. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja alichopewa na serikali inathibitishwa na cheti cha uandikishaji. Cheti hicho kina nakala mbili: moja inabaki katika kitabu cha ofisi ya ardhi, nyingine anapewa mwenye kiwanja. Kitabu kikiungua, kikiloa au kikiibiwa kurasa, na nakala ya nyumbani nayo haipo, kinabaki kinywa dhidi ya kinywa. Kila mkaaji wa Kivu anajua namna ugomvi wa namna hiyo unavyomalizika.

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma ikaangamiza nyumba na maofisi. Watu walikimbia na watoto na magodoro. Karatasi iliyobaki kabatini haikukimbia. Na vita imefanya vivyo hivyo mara nyingi, katika miji na vijiji vingi.

Kwa hiyo arshivi ya kwanza ni ile ya nyumbani, na haihitaji feza nyingi. Cheti cha kiwanja, cha ndoa, cha kuzaliwa na diplome viwekwe pamoja katika mfuko wa plastiki, juu, mbali na mchwa na maji. Kila karatasi ipigwe picha kwa simu, na picha zitumwe kwa ndugu anayekaa mji mwingine, ili janga moja lisichukue zote. Nyuma ya picha ya familia yaandikwe majina, mahali na mwaka, kwa penseli: kisha mama mkubwa kufariki, hakuna atakayejua yule mtoto wa upande wa kushoto ni nani. Na yeye akiwa bado hai, simu iwekwe mbele yake, aulizwe kijiji alikozaliwa, njia waliyopita wakikimbia, wimbo walioimba wakilima.

André Yav hakungoja profesa amwulize. Alipiga mashine kwa Kiswahili cha mji wake, chama chake kikagawa kurasa, na mtu mmoja hakuzitupa.